Nguo Kwenye Kochi, Mende Kabatini na Picha ya Wifi: Nyumba Yangu Iwe Safi Kiasi Gani?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 34, na ninaishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Mwanangu mkubwa ni msichana wa miaka tisa, wa pili ni mvulana wa miaka sita, na kitindamimba ana miaka miwili. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja mjini, na kwa sababu ya foleni hunilazimu kutoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nikarudi saa moja na nusu usiku. Mume wangu ni fundi umeme. Yeye hurudi saa kumi na moja jioni, huwachukua watoto kwa jirani anayetuangalizia, kisha hunisubiri nirudi nipike.

Mpaka mwezi wa pili tulikuwa na dada wa kazi. Aliondoka kwenda kwao Singida kuolewa, na tangu hapo nyumba imenishinda. Sitakuficha chochote, Shangazi. Nguo zikianuliwa hulundikwa kwenye kochi kubwa na hukaa hapo siku tatu au nne, kila mtu akichomoa anayoitaka. Vyombo vya usiku hulala kwenye sinki. Kabati la jikoni limeingia mende. Maji hutoka kwa mgao, kwa hiyo tuna pipa kubwa uani, na mfuniko wake ulipasuka siku nyingi. Mtoto wa pili bado anakojoa kitandani, na godoro lake linanuka hata nikilianika. Sakafu ya sebule ina madaftari, kalamu za rangi, vigari na makombo ya mkate.

Jumamosi moja wifi yangu mkubwa alikuja asubuhi bila kupiga simu. Mlango ulikuwa wazi kwa kuwa watoto walikuwa wanaingia na kutoka, naye akaingia mpaka ndani kabla sijaitikia hodi. Mimi nilikuwa uani ninafua. Nilipokuja nilimkuta amesimama katikati ya sebule na simu mkononi, na hakukaa hata alipokaribishwa. Jioni yake, picha ya kochi na rundo la nguo ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu, na chini yake ameandika kwamba kaka yake anaishi katika nyumba isiyo na mwanamke. Watu wakacheka. Mume wangu aliisoma, akanyamaza, na amenyamaza hadi leo.

Tangu siku hiyo ninaamka saa kumi alfajiri, nadeki nyumba nzima kabla ya swala, na usiku nalala saa sita. Sebule nimeifunga kwa ufunguo. Watoto wanakaa chumbani na jikoni. Chooni ninachanganya jiki na dawa ya choo ili harufu ya usafi ifike hadi mlangoni, ingawa kifua hunibana. Wiki iliyopita nilisahau kufunga sebule, kitindamimba akaingia na kumwaga uji kwenye kitambaa cha kochi, nikampiga kibao. Mtoto wa miaka miwili, Shangazi. Nilijifungia bafuni nikalia.

Mwezi ujao mama mkwe anakuja kutoka Tanga kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na atakaa kwetu wiki kadhaa. Wifi atakuwa anakuja kumwona. Ninaomba unieleze, je, mimi ni mchafu? Nyumba yenye watoto wadogo na wazazi wanaotoka kwenda kazini inatakiwa iwe safi kiasi gani ili mtu asiwe na la kusema? Na nianze na nini kabla mama hajafika?

Mama wa Watatu, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijajibu maswali yako, liko jambo moja lisilosubiri. Acha leo hii kuchanganya jiki na dawa ya choo. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ndiyo inayokubana kifua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutanda chini, usawa wa pua ya mtoto wa miaka miwili. Katika choo cha ndani chenye kidirisha kidogo inaweza kumdhuru mtu vibaya. Tumia dawa moja, suuza kwa maji mengi, na ukitaka kutumia ya pili, iwe siku nyingine. Jiki huchanganywa na maji ya baridi tu, na si kitu kingine chochote, hata siki.

Sasa nijibu swali lako la kwanza. Hapana, wewe si mchafu, na silisemi hilo ili kukutuliza. Nimelipata katika barua yako mwenyewe. Jumamosi asubuhi, siku ambayo watu wengi wanaokwenda kazini wiki nzima wanalipa deni la usingizi, wewe ulikuwa uani unafua. Godoro unalianika. Nguo zilizopigwa picha zilikuwa zimefuliwa, zimekauka na kuanuliwa. Kilichokupungukia ni muda, na muda unahesabika.

Hebu tuhesabu. Ukitoka saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi na kurudi saa moja na nusu usiku, uko nje ya nyumba kwa karibu saa kumi na nne. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba angalau. Ukizitoa hizo, katika siku nzima unabakiwa na saa tatu na robo, na ndani yake kuna kupika, kula, kuogesha watoto, kuangalia kazi za shule, kuswali, kuoga na kujiandaa kwa kesho. Kwa hesabu yangu, kinachosalia kwa ajili ya usafi katika siku ya kazi ni dakika arobaini, na ukijitahidi sana arobaini na tano. Alipokuwapo dada wa kazi, kulikuwa na mtu mzima ambaye siku yake yote ilipita humo ndani akifagia, akiosha na kukunja. Mtu huyo ameondoka, kiwango kimebaki palepale, na tofauti unailipa wewe kwa kupata usingizi wa saa nne tu. Hakuna mwili unaostahimili hilo kwa miezi, na kibao kile ulichompiga mtoto kilitoka katika uchovu huo.

Ukaniuliza nyumba iwe safi kiasi gani ili mtu asiwe na la kusema. Kiwango hicho hakipo, mwanangu, kwa sababu anayetaka kusema atafungua kabati. Mimi nakupa kipimo kingine, nacho kina mpangilio: kwanza shughulikia kinachoweza kumtia mtu maradhi au kumuumiza, kisha kinachowakera ninyi mnaoishi humo, na mwisho, kama muda na nguvu vimebaki, kile kinachoonekana na mgeni. Wewe kwa hofu umeanza na la mwisho. Unadeki sakafu ya sebule iliyofungwa, ambayo hakuna aliyeikanyaga, ilhali pipa liko wazi uani.

Pipa hilo ndilo lililonishtua kuliko kochi. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ile iliyolisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, hahitaji mtaro mchafu. Anapenda maji yaliyotulia kama hayo yako ya kuogea na kufulia, na huuma mchana, wakati watoto wanacheza uani. Hutaga mayai kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa miezi pakavu yakisubiri maji yapande tena. Katika joto letu, yai huwa mbu mzima kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Kwa sababu hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: mara moja kila wiki, pipa likikaribia kuisha kabla ya siku ya mgao, sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu kuanzia mdomoni hadi chini, suuza, mwaga, ndipo ujaze upya. Mfuniko mpya usipopatikana haraka, tandaza kipande cha chandarua kuukuu juu ya mdomo wa pipa na ukikaze kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kiwambike bila kuzama kwenye maji.

Mende nao ni wa kushughulikiwa wiki hii, hasa kama kuna mtoto anayekohoa usiku, kwa kuwa kinyesi chao na magamba wanayojivua huchochea pumu. Mende hukaa panapokuwa na chakula na maji. Huna nguvu ya kuosha vyombo vyote saa nne usiku, na sikudai hivyo. Ninachokuomba ni kukwangua mabaki kwenye ndoo ya taka yenye mfuniko, kuisogeza ndoo hiyo nje, kuvisuuza vyombo na kuvipanga, kisha kulifuta sinki likauke. Dodoki lisilale ndani ya maji ya vyombo, likamue ulitundike. Kwenye kabati, toa kila kitu, futa mafuta na makombo kwenye pembe na bawaba, kisha tumia dawa ya mende ya jeli kwenye nyufa ambazo mkono wa mtoto haufiki, badala ya kupulizia dawa mahali panapokaa sahani.

Tukiwa bado jikoni, niseme neno juu ya kiporo, maana kwenye nyumba yenye watu waliochoka ndicho chakula cha asubuhi. Wali uliokaa kwenye sufuria usiku kucha katika joto la Dar es Salaam unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo haiharibiki kwa kupashwa moto. Ukishaliwa wa usiku, unaobaki uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana ili upoe haraka. Umeme ukiwa umekatika, ni heri upike kidogo. Na sabuni ya kunawia mikono iwekwe mahali ambapo kitindamimba anaifikia bila kuomba, chooni na jikoni, kwa sababu kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula hupunguza kuharisha kwa watoto kwa karibu theluthi moja. Hakuna deki inayofanya kazi hiyo.

Godoro la mwanao linahitaji upole zaidi kuliko sabuni. Mtoto wa miaka sita kukojoa kitandani ni jambo la kawaida, huwapata zaidi wavulana, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Hafanyi kwa uvivu wala kwa ukaidi. Livalishe godoro lote mfuko wa nailoni nene, juu yake tandika kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, kisha shuka. Asubuhi kanga na shuka vinaingia kwenye ndoo yenye maji, nailoni inafutwa, na kazi imekwisha kabla hujavaa viatu. Harufu iliyokwishaingia itapungua ukikandamiza sehemu yenye madoa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kisha ukalianika jua kali siku mbili mfululizo. Jiki usilimwagie kabisa, kwa sababu mkojo una amonia, na mchanganyiko huo nao hutoa gesi yenye madhara. Kama mtoto alikuwa ameshaacha kukojoa kwa miezi kisha akaanza upya, au anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya.

Baada ya hayo, mengine yote katika barua yako ni ya kupunguza. Nguo za nyumbani hazihitaji kukunjwa kwa pembe nne. Nunua matenga matano ya plastiki, kila mtu lake. Nguo zikianuliwa binti yako wa miaka tisa anaweza kuzigawa, na kinachopigwa pasi ni sare za shule na nguo zenu za kazini. Jikoni na chooni pasafishwe kila siku. Vyumba na sebule vifagiliwe kila jioni na kudekiwa mara mbili kwa wiki. Kama mko karibu na barabara ya vumbi, iwe mara tatu. Vigari na kalamu viwe na karai moja kubwa, na kabla ya kulala kila mtoto aokote vyake, hata wa miaka miwili akiokota viwili tu. Vitambaa vya makochi viondoe, vifue, uviweke kabatini mpaka kitindamimba ajifunze kushika kikombe.

Na fungua hiyo sebule. Nyumba za zamani za mawe za miji yetu ya pwani, Unguja na Lamu, zilikuwa na mahali pa mgeni: baraza la nje, na wageni wengi waliishia hapo wakanywa kahawa na kuondoka bila kuona mtoto amelala wapi wala nguo zimewekwa wapi. Shughuli za nyumba zilikuwa ndani, nyuma ya ukuta. Nyumba tunazopanga leo zinafunguka moja kwa moja sebuleni, na chumba hichohicho ndicho mnamolia chakula, watoto wanamofanyia kazi za shule, mnamotazama televisheni na mnamokusanyia nguo. Kukidai chumba hicho kionekane muda wote kama baraza ni kudai watu watano wasiishi humo. Wanao wana haki ya sebule yao kabla ya wageni.

Nimelisogeza hadi hapa suala la mume wako kwa sababu nilitaka kwanza uone ukubwa wa kazi yenyewe. Anarudi saa kumi na moja jioni. Wewe unaingia saa moja na nusu. Hizo ni saa mbili na nusu ambazo mtu mzima yupo nyumbani na watoto, na umeandika kwamba anakusubiri urudi upike. Hapo ndipo nyumba yenu ilipokwama. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ufagio una jinsia, lakini sisi tunaoswali tunayo hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imam Bukhari: Bibi Aisha aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika shughuli za ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hakuna mume atakayepungukiwa heshima kwa kufanya aliyoyafanya Mtume.

Zungumza naye siku ya mapumziko, watoto wakiwa wamelala, na usianze na wifi. Anza na saa. Mwandikie kwenye karatasi saa unayoamka, unayotoka, unayorudi na unayolala, kisha umwonyeshe penye dakika arobaini. Halafu gawaneni kazi kwa majina: kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni yeye anaogesha watoto, anabandika maharage au mboga, na anaosha vyombo vya mchana, wewe ukifika unamalizia kupika na kuangalia madaftari, sinki la usiku ni zamu. Mtu aliyejifunza kusoma mchoro wa nyaya za jengo zima anaweza kujifunza kuchemsha maharage na kuyaunga. Siku za mwanzo chakula kitaungua na vyombo vitabaki na mafuta. Usivioshe upya mbele yake, kwa maana ukifanya hivyo mara mbili kazi itarudi kwako yote.

Kisha mweleze kuhusu picha. Kunyamaza kwake kumekuumiza kuliko maneno ya dada yake, na nadhani yeye hajui, kwa kuwa kwa wanaume wengi kunyamaza mbele ya dada mkubwa ni adabu. Hapa adabu hiyo imekuacha peke yako mbele ya ukoo wote. Wewe usiingie kwenye kundi kujitetea. Anayepaswa kuandika ni yeye, kwa dada yake moja kwa moja, na maneno yanaweza kuwa mepesi kama haya: “Dada, shikamoo. Picha uliyoiweka kwenye kundi ni ya nyumba yangu mimi na mke wangu. Nguo zile zilikuwa safi, zimeanuliwa, na mke wangu alikuwa uani anafua nyingine. Naomba uifute. Ukiona nyumbani kwangu pana upungufu, nipigie mimi.” Hakuna tusi ndani yake wala nafasi ya ubishi. Akija tena bila taarifa, mkaribishe, mpe kiti na maji, na usiombe radhi kwa ajili ya nyumba. Wifi anajua, kama sote tunavyojua, kwamba hodi hupigwa mara tatu na asiyeitikiwa huondoka. Ni haki yako kukaa sebuleni naye bila kumpitisha jikoni.

Mama mkwe ni jambo tofauti kabisa, na nakuomba usimhesabu pamoja na bintiye kabla hujamwona. Anakuja akiwa mgonjwa, tena haoni vizuri. Maandalizi yake yana manufaa kwa nyumba nzima. Mpe chumba au kitanda kilicho karibu na choo, na njia ya kutoka kitandani hadi chooni isiwe na kigari, waya wa feni, ndoo wala mkeka unaoteleza. Iwe na taa inayowaka usiku. Hilo mume wako, fundi, alifanye mwenyewe wiki hii. Ukidekia njia hiyo, ikaushe kwa kitambaa, kwa sababu kuanguka kwa mzee ni hatari kuliko vumbi. Baada ya upasuaji kwa kawaida huelekezwa asiinamie, asiinue vitu vizito, asisugue jicho na asiingize maji wala vumbi machoni kwa muda watakaomwambia hospitalini, kwa hiyo chumbani kwake futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kwa chelewa kavu yeye akiwa ndani. Anayemtia dawa ya matone anawe mikono kwa sabuni kwanza. Kwa wiki hizo yeye ni wa kuhudumiwa, kwa hiyo usitarajie akuchambulie mchele wala akubebee mtoto. Ukifanikisha hayo, umemtunza mama wa mumeo ipasavyo, hata kama siku hiyo kwenye kochi kuna tenga la nguo.

Kuhusu kibao, mwanao wa miaka miwili hawezi kufuata hotuba, lakini anaelewa kupakatwa na sauti ya upole. Mpe hivyo, na wale wawili wakubwa waambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba ulikosea kumpiga na kwamba kumwaga uji si kosa la kupigwa. Wamekaa wiki hizi wakijifunza kwamba sebule ina thamani kuliko wao, na wanahitaji kusikia kinyume chake kutoka kinywani mwako.

Mkiamua kuajiri dada mwingine, na kipato chenu kikiruhusu nadhani ni uamuzi mzuri, msimrudishie mtu huyo mzigo uleule usio na mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu naye: saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Msichukue mtoto anayestahili kuwa darasani. Andikeni makubaliano, mlipe kwa tarehe, na mgawanyo wa kazi kati yako na mumeo ubaki hata baada ya yeye kufika, la sivyo siku atakayoondoka mtarudi hapa mlipo.

Anza leo kwa kwenda kulala saa nne usiku. Deki ya alfajiri iache. Kama baada ya wiki mbili za kulala hivyo bado unalia bafuni, hupati usingizi hata nyumba ikiwa kimya, chakula hakipiti au unajiona huna thamani, nenda kituo cha afya ukamweleze daktari hayo hayo uliyoniandikia mimi, kwa kuwa msongo wa namna hiyo una tiba. Nami niandikie mama akishafika na kupona jicho, hasa kama mume wako atakuwa ameshatuma ule ujumbe.

Shangazi